Okot p'Bitek: Mlezi wa Ngoma za Asili Ugenini

Jina la Okot p'Bitek linapotajwa katika madarasa ya fasihi ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, aghalabu huandamana na jina la Lawino. Mwanafunzi wa Kiswahili humfahamu kupitia Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa iliyotolewa mwaka 1975, na huenda akahitimu masomo yake akidhani kwamba mtu huyu alikuwa mshairi na hakuwa na shughuli nyingine. Kumbe Okot alikuwa mwimbaji, mpiga ngoma na mchezaji ngoma kabla hajaitwa mshairi. Hata baada ya kusoma Oxford, kazi aliyoipa nguvu zake ilikuwa ni kuandaa matamasha ya muziki na ngoma za asili: kwanza Gulu alikozaliwa, kisha Kampala, na hatimaye Kisumu, mji wa nchi isiyo yake, alikofika akiwa amepoteza cheo na makao. Upande huo wa maisha yake ndio unaofuatiliwa hapa.

Mwana wa Lacwaa

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake, Opii Jebedyo, alikuwa mwalimu na Mkristo wa Kianglikana, na pia msimulizi hodari wa hadithi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo. Nyumba hiyo basi ilikuwa na mambo mawili ambayo wamisionari wa wakati ule waliyaona hayapatani, yaani kitabu cha sala na ngoma ya kijijini. Waongofu walikatazwa kwenda ngomani, kwa hoja kwamba huko kulikuwa na upagani na uasherati. Katika nyumba ya Lacwaa nyimbo hazikunyamaza, na baadhi ya zile ambazo mwanawe alikuja kuziandika vitabuni alizisikia kwanza kinywani mwa mama yake.

Yafaa kukumbuka kwamba kwa Waacholi ngoma si kitu kimoja. Bwola ni ngoma ya mtawala, ambaye wao humwita rwot. Wanaume hujipanga duara, kila mmoja ameshika ngoma yake ndogo, na duara lile huenda na kurudi kama kiumbe kimoja. Otole ni ngoma ya vita, nayo huchezwa kwa mikuki na ngao. Apiti ni ya wanawake. Guru lyel ni ya msiba. Orak ni ya vijana wanaotafutana kwa ajili ya uchumba, na humo ndimo kijana alimopimwa afya, adabu na ujasiri wake mbele ya macho ya kijiji kizima. Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi peke yake: mchoyo, mwizi na mkubwa mwonevu walitajwa humo kwa majina yao, na wimbo ukishika kasi hapakuwa na pa kujificha. Kwa lugha ya kitaaluma ya leo tungesema kwamba fanani na hadhira walibadilishana nafasi usiku kucha. Jambo hili dogo la mpangilio, la nani anacheza na nani anatazama, ndilo lililokuja kuwa kiini cha ugomvi wa Okot na wasomi wenzake, na pia na serikali.

Alisoma katika Shule ya Upili ya Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala. Shuleni alijulikana kwa uimbaji, upigaji ngoma, uchezaji na riadha, na akiwa mwanafunzi alitunga na kuongoza mchezo wa kuigiza wa nyimbo. Baada ya mafunzo ya ualimu Mbarara alifundisha katika Shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa lugha ya Kiacholi. Ni riwaya ya kijana anayekwenda kutafuta mali ya kulipia mahari mbali na kwao na kurudi mikono mitupu. Mtu anayejua yaliyompata mwandishi baadaye hawezi kuisoma bila kushangaa kwamba habari ya ugenini ilikuwa kichwani mwake mapema hivyo.

Miguu mitupu Uingereza

Kilichompeleka Ulaya hakikuwa kalamu, kilikuwa ni mpira wa miguu. Mwaka 1956 timu ya taifa ya Uganda ilizuru Uingereza na kucheza bila viatu, na Okot alikuwa mmoja wa wachezaji. Ziara ilipokwisha yeye alibaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth katika nchi ya Wales, kisha anthropolojia ya jamii Oxford.

Oxford ilimpa shahada na hasira kwa pamoja. Katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika katika usomi wa Magharibi ameeleza jinsi alivyolalamika darasani kila mhadhiri alipowaita watu wa Afrika washenzi au watu wa kale, na jinsi malalamiko hayo yalivyopuuzwa. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki na kuandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango pamoja na mazingira yake ya kijamii. Uchaguzi wa mada ulikuwa jibu tosha. Nyimbo ambazo kanisa la Gulu liliziona dhambi, na darasa la Oxford liliziona ushenzi, yeye alizileta mezani kama fasihi inayostahili kuchunguzwa kwa makini yaleyale yanayopewa maandishi ya Wagiriki.

Aberystwyth nayo isipitwe haraka. Ni mji wa watu wanaosema lugha yao ya Kiwelshi pembeni mwa Kiingereza, na wenye tamasha kongwe la kila mwaka la mashairi na uimbaji, Eisteddfod, linaloendeshwa kwa lugha hiyo. Si lazima kudai kwamba Okot aliiga kitu huko. Inatosha kuona kwamba ndani ya Uingereza yenyewe palikuwa na watu waliokuwa wakipigania nyimbo zao kwa kukutana uwanjani mwaka baada ya mwaka, na kwamba mwanafunzi huyu aliishi kati yao.

Gulu, Kampala, na tiketi ya kuondoka

Alirejea Uganda mwaka 1964 na kufanya kazi Gulu katika idara ya masomo ya nje ya Chuo cha Makerere. Ni hapo alipojiunga na wenzake kuanzisha Tamasha la Gulu, lililowakutanisha wachezaji na waimbaji wa Acholi. Watu waliokuwa wameambiwa kwa nusu karne kwamba ngoma zao ni aibu waliitwa hadharani, mchana, na mtu mwenye shahada za Uingereza, waje wazicheze.

Mwaka 1966 mambo mawili yalitukia. Kwanza, Song of Lawino kilitoka Nairobi kwa Kiingereza na kumfanya mwandishi wake kuwa maarufu ghafla. Asili yake ya Kiacholi, Wer pa Lawino, ilikuja kuchapishwa mwaka 1969 tu, yaani tafsiri iliitangulia asili kwa miaka mitatu. Hili ni jambo la kuwatafakarisha wanafunzi wa lugha za Kiafrika: mke anayemlaumu mumewe kwa kuacha ya kwao ilimbidi alalamike kwanza kwa lugha ya mgeni ndipo mchapishaji amsikie. Na katika malalamiko yake, sura ya ngoma ni miongoni mwa zile zenye makali zaidi. Ocol hataki kuonekana ngomani; anapenda dansi za Kizungu za kukumbatiana ndani ya nyumba yenye moshi. Lawino anaona kinyaa. Kwake ngoma ni ya uwanjani, mchana kweupe au chini ya mbalamwezi, mwili ukionekana wazi na kila mtu akishiriki. Anayedhani kwamba hapo Okot alikuwa akitafuta mada ya shairi tu hajui kwamba wakati huohuo alikuwa akipanga wacheza ngoma wa kweli katika viwanja vya kweli.

Pili, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda chenye Jumba la Taifa la Maonyesho, Kampala. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1959, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na lilijengwa kwa mtindo wa Ulaya: jukwaa upande mmoja, viti vilivyopangwa safu upande wa pili, na giza katikati. Okot alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Alilirithi jumba ambalo kwa ujenzi wake lilipingana na kila alichokuwa akikiamini, kwani huwezi kucheza bwola mbele ya watu waliofungwa vitini ukaiita bado bwola. Aliligeuza kadiri alivyoweza. Mwaka 1967 aliandaa tamasha la siku nane lililokwenda sambamba na maadhimisho ya uhuru, na vikundi kutoka sehemu mbalimbali za nchi vililetwa Kampala.

Huo ulikuwa mwaka wa katiba mpya ya Rais Milton Obote, iliyozifuta falme za Uganda. Serikali ilipenda ngoma, lakini ilizipenda ngoma zinazompokea rais kwenye uwanja wa ndege. Okot hakuwa mtu wa kunyamaza. Katika safari ya Zambia aliikosoa serikali ya nchi yake hadharani, na kwa sababu hiyo akapoteza wadhifa wake. Mtu aliyewakusanya wacheza ngoma wa taifa zima akawa hana mahali katika taifa hilo.

Kisumu

Alivuka mpaka akaingia Kenya mwaka 1968. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilimpa kazi ya masomo ya nje katika eneo la magharibi, makao yake yakiwa Kisumu. Desemba ya mwaka uleule mji huo ukawa na Tamasha la Sanaa la Kisumu, na yeye ndiye aliyekuwa mwanzilishi wake.

Kasi hiyo inahitaji maelezo. Mtu aliyefukuzwa kazi kwao, asiyejulikana na wenyeji, anawezaje kuandaa tamasha katika muda mfupi namna hiyo? Sehemu ya jibu iko katika lugha. Kiacholi na Kijaluo ni lugha ndugu, na mapokeo ya watu hawa yanakutana kwenye Mto Naili. Waacholi husimulia habari za Labongo na Gipir, ndugu wawili waliotengana Pubungu kwa ugomvi wa mkuki na ushanga. Wajaluo wa Kenya wana kisa chao cha Podho na Aruwa, chenye mkuki uleule na ushanga uleule. Okot alipofika Kisumu alikuwa mgeni kwa pasipoti na karibu jamaa kwa hadithi. Alikuta nyatiti ya nyuzi nane pale ambapo kwao kuna nanga, akakuta orutu na ohangla, na akakuta pia vijana wakilifanya gitaa la umeme lilie kama nyatiti, muziki ambao tayari ulikuwa ukiitwa benga.

Sehemu nyingine ya jibu ni fikra zake mwenyewe. Okot hakuwa mtu wa kubeba ngoma za kwao kama mzigo wa kumbukumbu na kuwafunulia watu wa Kisumu wazitazame. Katika insha zake alishikilia kwamba utamaduni ni falsafa ya watu jinsi inavyoishiwa na kusherehekewa, na kwamba pale panapokuwa na watu wanaoishi pamoja pana sherehe yao. Kwa hiyo kazi ya mgeni mwenye ujuzi ni kuwachokoza wenyeji waziamini sherehe zao. Alichokitoa Acholi kilikuwa ni imani hiyo pamoja na mbinu zake. Ngoma zenyewe Kisumu ilikuwa nazo.

Hapa ndipo anapotofautiana na mtu ambaye mara nyingi hutajwa popote panapozungumzwa habari ya kukuza muziki wa asili ughaibuni. Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 katika jimbo la Cork nchini Ireland, akawa baharia akiwa kijana mdogo, na hatimaye akawa mkuu wa polisi wa Chicago kati ya 1901 na 1905. Njaa na umaskini vilikuwa vimewahamishia Marekani Waayalandi wengi mno, na katika jiji lile moja palikuwa na wapiga filimbi, fidla na zumari kutoka kila jimbo la nchi yao. O'Neill alizikusanya tuni zao. Mwenzake James O'Neill, ambaye walishirikiana jina bila kushirikiana ukoo, aliziandika kwa alama za muziki, na mwaka 1903 kikatoka kitabu chenye tuni 1,850. Kitabu hicho kilirudi Ireland na kuwafundisha wapigaji wa huko tuni ambazo nchi yenyewe ilikuwa inazisahau. Mnamo 1951 Waayalandi waliunda chama chao cha wanamuziki, Comhaltas, ambacho kina matawi katika nchi nyingi walikohamia.

O'Neill aliwahifadhia Waayalandi cha Waayalandi. Okot wa Kisumu hakuwa na halaiki ya Waacholi wa kuwaandalia tamasha. Alikuwa mmoja kati ya watu wengine, na akawaandalia tamasha hao wengine. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa ngumu zaidi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ilikuwa nyepesi, kwa kuwa hakuna aliyemdai uaminifu kwa mtindo wa kijiji fulani. Ulinganisho huu haumpunguzi yeyote, ila unaonyesha kwamba ugenini kuna aina mbili za ulezi wa sanaa, na ya pili haizungumzwi vya kutosha.

Wakati wenyewe ulikuwa mkali. Oktoba 1968, miezi miwili kabla ya tamasha, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha katika chuo cha Nairobi waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Taban alikulia kaskazini mwa Uganda kama Okot. Anyumba alikuwa mtafiti wa nyimbo za Kijaluo. Nairobi hoja ilijengwa kwa waraka. Kisumu ilijengwa kwa ngoma. Wahadhiri wa leo wanaofundisha fasihi simulizi kama somo la kawaida hawana budi kuzihesabu zote mbili, ingawa ni waraka tu unaonukuliwa katika tasnifu.

Na Kisumu haikukaa na furaha yake muda mrefu. Julai 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi. Oktoba mwaka huohuo, katika ufunguzi wa hospitali mpya mjini Kisumu, watu waliokusanyika walipigwa risasi na walinzi wa Rais Jomo Kenyatta, chama cha KPU kikapigwa marufuku na Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Kukusanyika kwa wingi katika mji ule, hata kwa ajili ya kucheza, kukawa jambo la kutazamwa kwa shaka.

Swali la Isiolo

Ni halali kuuliza kama njia ya Okot ingewezekana mahali ambapo hakuna undugu wa lugha wa kuitegemea. Katika Kenya mfano ulio wazi ni Isiolo. Mji huo una Waborana na Wasomali, ambao lugha zao ni za Kikushi. Waturkana na Wasamburu, ambao ni Waniloti. Na Wameru, ambao ni Wabantu. Baadhi ya Wasomali wake ni wazao wa askari wa Kiisaaq kutoka Somaliland ya Waingereza, waliopewa makazi hapo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nao waliletwa na jeshi wakaja na mashairi yao. Mwaka 1968, Kisumu ilipokuwa ikicheza, Isiolo ndiyo kwanza ilikuwa inatoka katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Wafugaji walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya ulinzi, Garba Tula na kwingineko, na mifugo mingi ilikuwa imepotea. Sheria za hali ya hatari katika eneo la kaskazini ziliendelea hadi 1991. Ngoma ya Waborana ilichezwa, lakini ilichezwa chini ya macho ya askari.

Katika mji wa namna hiyo hadithi ya mkuki na ushanga haisaidii. Kinachowaunganisha watu sokoni, shuleni na kituo cha basi ni Kiswahili, ambacho kwa wengi wao si lugha ya nyimbo za nyumbani. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, shule huweza kupanda jukwaani na ngoma ya jamii ambayo nusu ya wanafunzi wake hawatoki humo, na mtangazaji huieleza kwa Kiswahili au Kiingereza. Wapo wanaosema huo ni uigizaji mtupu. Hoja yao ina uzito: majaji huketi mezani, muda huhesabiwa kwa dakika, na hadhira hairuhusiwi kuingia duarani. Okot aliyechukizwa na viti vya jumba la Kampala bila shaka asingependa saa ya jaji. Lakini mwanafunzi Mmeru anayejifunza kuruka kama Msamburu, kwa kufundishwa na mwenzake wa dawati moja, amefanya jambo lililo karibu sana na lile la Kisumu kuliko linavyoonekana. Lugha ya Kiswahili hapo hufanya kazi ya mwenyeji wa sherehe: inawakaribisha watu na kueleza, kisha inanyamaza ili wimbo uimbwe kwa lugha yake.

Miaka ya Nairobi

Okot alikuwa katika programu ya kimataifa ya waandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1969 hadi 1970. Aliporejea Kenya njia ya nyumbani ilikuwa imezibwa zaidi: Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na mauaji ya askari wa Kiacholi na Kilango yakaanza kambini. Okot akabaki Nairobi, akiwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Afrika na mwalimu wa chuo kikuu.

Miaka hiyo ndiyo ya vitabu vingi. Song of Prisoner na Song of Malaya vilitoka mwaka 1971 katika juzuu moja iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Insha za Africa's Cultural Revolution zilifuata mwaka 1973, zikiwa na dibaji ya Ngũgĩ. Kwa mada hii, hata hivyo, kilicho muhimu ni Horn of My Love cha mwaka 1974. Ni mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, Kiacholi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, zikiwa zimepangwa kwa ngoma zake: za orak, za bwola, za vita, za msiba. Hakuzitenga nyimbo na nyayo zilizozikanyagia. Kwa mpangilio huo anamlazimisha msomaji aone uwanja kabla hajasoma wimbo, na hadi leo wapo wakusanyaji wa nyimbo wanaochapisha maneno peke yake kana kwamba yalizaliwa kwenye karatasi.

Kitabu hicho kilikamilika wakati mwandishi hawezi kwenda Gulu. Hapo ndipo anapomkaribia O'Neill wa Chicago, mtu anayeandika kutoka mbali kile ambacho nyumbani kinaweza kupotea.

Kuna jambo la kumkosoa. Katika bidii yake ya kuwatetea Waacholi, Okot wakati mwingine aliandika kana kwamba kijiji kilikuwa na kauli moja na ngoma haikumwonea mtu. Lawino ana ulimi mkali kwa mumewe na kwa mke mwenza, lakini haihoji ndoa ya wake wengi yenyewe. Wahakiki wengi, hasa wanawake, wamelitaja jambo hili, na lina ukweli. Nyimbo alizozikusanya yeye mwenyewe zinamsahihisha: ndani yake wapo wanawake wanaolia, wanaotukana na wanaokataa.

Kurudi

Baada ya kipindi cha kufundisha Ife, Nigeria, na baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, Okot alirudi Uganda. Makerere ilimpokea na kumpa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Kazi hiyo hakuifanya kwa muda mrefu. Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51. Mkusanyiko wake wa mwisho wa insha, Artist, the Ruler, ulichapishwa mwaka 1986.

Watoto wake wamechukua kalamu. Jane Okot p'Bitek alichapisha Song of Farewell mwaka 1994. Juliane Okot Bitek, aliyezaliwa Kenya wakati wa uhamisho wa wazazi wake, ni mshairi nchini Kanada.

Acholi yenyewe iliingia katika vita vya Lord's Resistance Army muda mfupi baada ya kifo chake, na kwa miaka mingi watu wake wengi waliishi kambini. Mama zao hawakuwa na ua wa kuchezea orak, na vijana wengi walikua bila kuona bwola ikichezwa kwa ajili ya rwot. Mwaka 2005 watoto wa Shule ya Msingi ya Patongo, wakaazi wa kambi mojawapo, walisafirishwa hadi Kampala kwa mashindano ya kitaifa ya muziki ya shule. Safari yao imehifadhiwa katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2007 iitwayo War/Dance. Wengine kati yao walikuwa yatima, na mmoja aliwahi kutekwa na waasi. Walijipanga duara, kila mmoja na ngoma yake mkononi, wakacheza bwola.